Mwaka Tuliouza Jiko la Bosibori

Wasemaji wanane walisimama kwenye mazishi ya Bwana Makori kule Suneka mwezi uliopita, na wote wanane wakasema neno moja: marehemu ndiye aliyeipeleka Kisii ng'ambo. Hakuna aliyesema aliipeleka vipi, wala ilifika huko katika hali gani. Nilikaa kwenye kiti cha plastiki mstari wa tatu, na kila mara mtu alipotaja ng'ambo nilijikuta nikitazama vidole vyangu. Nilifanya kazi chini ya Makori mwaka mmoja tu, nikiwa na umri wa miaka ishirini na mitatu. Baada ya hapo nimeolewa, nimelea, nimefundisha shule mpaka nikastaafu, na bado hakuna mwaka ulionikalia kooni kama ule. Nilikwenda kumzika nikidhani nitauzika na mwaka wenyewe.

Tulipokwisha kutupa udongo na kuanza kupanga foleni ya chakula, mwanamke wa miaka thelathini na kitu alikuja akasimama kando yangu penye ndoo ya kunawia. Alikuwa amevaa sweta la kijani la wauguzi na viatu vilivyojaa matope ya kaburini. Akasubiri nimalize kunawa, akanipa leso yake nijifute. "Wewe ndio Kwamboka wa televisheni?" akauliza. Hakuna mtu aliyekuwa ameniita hivyo tangu ujana wangu. Nikamwambia siku hizi mimi ni Mwalimu Kwamboka, na hata ualimu wenyewe umekwisha. Hakucheka. "Mimi ni Moraa," akasema. "Wa Bosibori, kule Manga. Nimeambiwa wewe ndio uko na sauti ya mama yangu." Mara ya mwisho nilipomwona mtu huyo alikuwa na miezi mitatu, ananyonya, na mkono wake mmoja umeshika waya wangu wa maikrofoni. Hamu ya kula ilinitoka papo hapo. Nikamwambia hapa pana kelele, twende kwangu karibu na Daraja Mbili, nitampa chai na tutaongea vizuri.

Mwaka huo tulikuwa watu wanne katika vyumba viwili juu ya duka la rangi na misumari mjini Kisii. Ilikuwa ofisi ndogo ya shirika la utangazaji la umma, na wakubwa wa Nairobi walikuwa wameshaandika barua kwamba ofisi isiyoingiza kitu itafungwa. Chumba cha mbele kilikuwa cha Makori, na meza yake ilijaa vinyago vya mawe ya Tabaka, viboko na tembo wadogo, ambavyo aliwapelekea wanunuzi wa vipindi kama zawadi. Chumba cha nyuma kilikuwa cha kuhariri, hakina dirisha, kinanuka rangi ya lile duka la chini na nywele za Otieno, mpiga picha wetu, aliyezipaka mafuta mengi mno. Otieno alitoka Kisumu na hakujua neno hata moja la Ekegusii, lugha yetu. Wa nne alikuwa Mzee Nyakundi, fundi wa sauti, mtu wa Manga, mpole, aliyekula mkate wake akiwa amesimama. Mimi nilikuwa wa kutafsiri na kuandika. Kila neno lililosemwa kwenye kanda nililiandika kwa Kiswahili na Kiingereza, kwa taipureta iliyokosa herufi moja, ili wanunuzi wajue wanaangalia nini. Makori alinifundisha kazi hiyo kwa sentensi moja: andika kinachouzika.

Kipindi chetu kiliitwa Jikoni Manga, na hakikuwa na siri yoyote. Kilikuwa Bosibori, jiko lake la mawe matatu, na mdomo wake. Alikuwa na miaka kama thelathini, mwembamba, na pengo la jino upande mmoja, na mtu akimwambia aanze kupika alianza kuongea. Aliongea akisaga wimbi, akichagua mboga, akipuliza moto na machozi yakimtoka kwa moshi. "Chinsaga haipikwi na mtu ana haraka," aliniambia siku ya kwanza, huku akinipa ungo wa majani ya mboga hiyo chungu nimsaidie. "Kama uko na haraka, kula mkate, enda zako." Tulipiga picha asubuhi tu, kwa sababu saa nane mvua ya Kisii huja, na mvua ikishaanza kupiga mabati husikii hata mawazo yako. Kwa hiyo kila siku tulimaliza kazi mapema tukala alichopika: obokima, ugali mweusi wa wimbi, chinsaga iliyolala kwenye maziwa, matoke yaliyochemshwa na maganda. Sijapata kula vizuri kama nilivyokula kwenye lile jiko, na nasema hivyo nikiwa mtu aliyekula kwenye hoteli kubwa. Otieno alikula mara mbili kila siku na kuinua kidole gumba, na Bosibori alisema huyo ndiye pekee kati yetu aliyelelewa vizuri.

Nyakundi hakula ndani. Kwa hesabu ya ukoo alikuwa baba wa mume wa Bosibori, ingawa hawakuzaliwa nyumba moja, na kwetu baba haingii katika nyumba ya mwanawe aliyeoa. Baba humwita mke wa mwanawe mokamwana, na kati ya hao wawili kuna heshima na haya tunayoiita chinsoni, ambayo haivunjwi kwa sababu serikali imenunua kamera. Basi Nyakundi aliweka kiti chake nje chini ya upenu, akapitisha nyaya chini ya mlango, akavaa vipokea sauti vya masikio, akarekodi akiutazama mgomba. Maikrofoni moja aliitundika dirishani kushika mlio wa jiko: moto, jiwe la kusagia, kuku. Ya pili, ile ndogo ya kubana kwenye nguo, ilipaswa kukaa kifuani mwa Bosibori, na hiyo asingeweza kuishika hata kwa fimbo. Hivyo nilipewa mimi. Kila asubuhi nilipiga magoti mbele ya yule mama, nikambana kile kidude juu kidogo ya mtoto aliyekuwa ananyonya, na pumzi yake ilikuwa inanigusa paji la uso. Nadhani ndiyo maana baadaye iliniuma hivi.

Katika kipindi cha tatu kuna mahali Bosibori anaacha kusaga. Mtoto amelia, naye anamweka vizuri, anamwinamia na kumwambia maneno fulani, kama nusu dakika, akicheka katikati. Otieno aliendelea kupiga picha kwa sababu mwanga ulikuwa mzuri. Nje, kupitia ufa wa mlango, nilimwona Nyakundi akivua vya masikio na kuvilaza mapajani. Mama akizungumza na mtoto aliye kifuani, hayo si ya kusikilizwa na baba mkwe. Alivivaa tena aliposikia jiwe likisaga. Siku ile sikuwaza lolote. Nilipokuwa namtoa maikrofoni, Bosibori alinishika mkono. "Hii sauti mnaipeleka wapi?" akaniuliza. Nikamwambia inakaa kwa kanda. "Mpaka lini?" Nikamwambia itakaa hata sisi tukiwa hatupo. Akamtazama yule mtoto, kisha akanitazama mimi, usoni amekaza kidogo, na ndipo nilipoona kwamba hakuwa anatania. "Sasa huyu akikua, atasikia?" Nikasema, "Atasikia, mama Moraa." Nilisema kirahisi, kama mtu anayeagiza soda.

Vipindi vyote vinne vilitangazwa hapa nchini mara moja moja. Bosibori alikiona cha kwanza kwenye televisheni ya bucha pale sokoni Manga, amesimama nyuma ya watu na mtoto mgongoni. "Ni mimi," aliniambia baadaye. "Lakini kwani mimi huongea mbio hivyo?" Kisha Makori akafunga suti yake ya pekee kwenye sanduku pamoja na kanda na viboko vya mawe, akaenda kwenye soko la vipindi ng'ambo, mahali ambapo mashirika ya dunia nzima hukaa kwenye vibanda wakioneshana kazi zao kama sisi tunavyooneshana ndizi. Alirudi amepungua na macho yanawaka. Kituo kimoja cha huko kilikuwa kimekubali kununua Jikoni Manga. Tulikwenda hotelini tukala kuku, Makori akasimama na kijiko mkononi akatuambia ofisi imepona, na mimi nilimshangilia mpaka sauti ikakwama. Wiki mbili baadaye ikaja faksi yenye masharti. Wanunuzi waliomba picha pamoja na mlio wa jiko, bila maneno, kwa kuwa msimulizi wao ataweka yake. Na jina walikuwa wamelibadilisha. Kipindi ambacho mwanamke hanyamazi kilikuwa sasa kinaitwa Kimya cha Mlimani.

Jumatatu ya wiki ile ile Nyakundi alipanda ngazi bila kofia, akatuambia Bosibori amekufa. Homa ya siku nne. Walimfikisha hospitalini akiwa hajui mtu. Makori alifunga mlango wa mbele, akasema kanda lazima ziondoke Ijumaa. Kila kanda ilikuwa na njia mbili za sauti, moja ya kile kidude cha kifuani na nyingine ya dirishani, na kanda mpya hatukuwa nazo; Nairobi walikuwa wameacha kutuletea. Kilichotakiwa ni kurekodi mlio wa dirishani juu ya maneno, kwenye kanda zilezile, na kuzituma hizohizo. Nikamwambia, "Mzee, mama amekufa. Hii ndio sauti yake." Akaniambia, bila ukali, kwamba mteja ananunua jiko, hanunui domo, na tena Nairobi wana nakala. Akamwita Nyakundi. Nyakundi akatikisa kichwa: hawezi kugusa sauti ya mokamwana wake ambaye bado hajazikwa. Otieno alikuwa amesafiri. Makori akanigeukia mimi.

Nimejitetea kwa miaka yote hii kwamba nilipiga simu kwanza. Nilipiga kweli. Nikaulizia maktaba ya kanda Nairobi, mwanamke akaenda, akarudi baada ya muda mfupi mno, akasema, "Ipo, dada, ipo." Nilijua hakuinuka kitini. Nilijua kwa namna alivyokuwa bado anatafuna. Lakini nilitaka kumwamini, na mtu anayetaka kuamini hahitaji kusaidiwa sana. Alhamisi baada ya saa nane, mvua ikipiga mabati ya jirani, niliingia chumba cha nyuma nikabonyeza kitufe chekundu mara nne, kanda kwa kanda. Nilikuwa nimevaa vya masikio. Ilikuwa lazima nisikilize ili nijue kazi inakwenda sawa, kwa hiyo nilimsikia Bosibori akiwa katikati ya maneno, halafu nikasikia moto na jiwe na kuku peke yao. Nililia, ndiyo, lakini sikuinua kidole. Ijumaa kanda zikaondoka kwa ndege, na Jumapili tukaenda Manga kumzika, mimi na Makori, tukiwa na shada la maua la shirika.

Ofisi ilifungwa kabla ya mwaka kwisha. Barua haikutaja mauzo yetu hata kwa mstari mmoja. Makori alikwenda kuuza bima, Otieno akarudi kwao, nami nikaingia chuo cha ualimu, nikiwa nimebeba faili moja tu kutoka pale: karatasi zangu za tafsiri za vipindi vinne. Miaka kadhaa baadaye nilikwenda Nairobi na wanafunzi, nikaomba ruhusa, nikapanda mpaka ile maktaba. Kijana mmoja muungwana alinionesha kanda ambazo jina la Jikoni Manga limekatwa kwa wino. Juu yake walikuwa wamerekodi mpira wa miguu. Nilimshukuru, nikashuka, nikawapeleka wanafunzi makumbusho kuona nyoka kama tulivyopanga.

Hayo yote Moraa hakuyajua alipokaa kwenye kochi langu na kuomba chai isiyo na sukari. Alikuwa amevua viatu mlangoni. Akaniambia baba yake hakubaki na picha ya mama ila moja ya kitambulisho, na nyanya yake aliyemlea alikuwa akimwambia tu, mama yako alikuwa anaongea sana. "Kila mtu anasema aliongea sana. Hakuna mtu anasema aliongea nini." Kisha akatoa simu. Rafiki yake anayefanya kazi ng'ambo alikuwa ameiona filamu kwenye mtandao, kipindi kimoja cha zamani ambacho mtu alikuwa ametia humo, na jina la Manga limeandikwa chini vibaya. Akabonyeza. Likatokea jiko lile, na mawe matatu, na Bosibori akapuliza moto na kunitazama moja kwa moja, maana siku zote nilisimama kando ya kamera. Midomo yake ikaanza kwenda. Ikatoka sauti nzito ya mwanamume, kwa lugha ambayo hatukuijua mimi wala yeye, taratibu, kama mtu anayesoma maandiko kanisani. "Huyo ndio ameongea kwa mdomo wa mama yangu," Moraa akasema. "Nimeona mara mia. Sasa nataka wewe uniambie."

Nilikwenda chumbani nikaleta faili. Karatasi zilikuwa zimegeuka manjano lakini zinasomeka. Kilikuwa kipindi cha tatu. Akapunguza sauti ya yule mwanamume mpaka ikaisha, akarudisha mwanzo, na mimi nikasoma huku midomo ya mama yake ikienda: wimbi la mwaka huu lina changarawe, jirani aliazima ungo na ameurudisha una tundu, mama mkwe akija usimpe kiti kilicho karibu na mlango. Nilijaribu kuyarudisha katika Ekegusii, nikitafuta alivyosema. Mara mbili tatu maneno yaliangukia kwenye midomo barabara, na Moraa akacheka, akaziba uso. Kwa dakika chache, Mungu anisamehe, nilifurahi. Nilidhani labda nitaweza kulipa. Kisha Bosibori akaacha kusaga. Akamweka mtoto vizuri, akainama. Moraa akasogea mbele hadi magoti yake yakagusa meza. "Huyo ni mimi," akasema. "Hapa. Hapa anasema nini?"

Nikatazama karatasi. Mahali pale niliandika maneno matatu, kwenye mabano, kwa taipureta iliyokosa herufi: anaongea na mtoto. Baada ya hapo mstari unaofuata ni wa wimbi. Nilieleza kwamba kazi yetu ilikuwa kuandika kinachouzika. Nilisikia jinsi hayo yanavyosikika nikiwa nayasema. Moraa akainua sauti ya simu tena, akaibana sikioni, kwa kuwa hapo msimulizi ananyamaza kidogo na linabaki jiko peke yake. Akanipa na mimi. Nyuma ya moto kuna kitu, chembamba, kinapanda na kushuka, ambacho maikrofoni ya dirishani ilikidaka kwa mbali. Huenda ni yeye. Huenda ni maji ya sufuria. Tulisikiliza tukipokezana mpaka chai ikapoa.

Mzee Nyakundi yu hai, amepofuka, yuko kwa binti yake kule Manga. Nilimpigia simu mzee huyo, Moraa akiwa ananitazama, nikaweka spika ili sote tusikie. Nikamkumbusha kipindi cha tatu, mtoto alipolia. Alikumbuka hata kuku. "Mzee, mama alimwambia mtoto nini?" "Kwamboka," akasema, "nilivua vya masikio. Alikuwa mokamwana kwangu. Ningesikilizaje?" Halafu akauliza kwani ni nani anataka kujua. Nikamwambia ni mtoto mwenyewe. Tukamsikia akishusha pumzi. "Mwambie anisamehe," akasema. "Nilikuwa nafanya heshima."

"Na wewe, mwalimu?" Moraa akauliza nilipoweka simu mezani. "Wewe uliandika. Si ulisikia?" Nikamwambia nilisikia. Nilisikia siku ile jikoni, nikasikia nilipokuwa nachapa, nikasikia mara ya mwisho. Mara tatu, kwa lugha ya mama yangu mwenyewe, na sikumbuki hata neno moja. Hakunilaumu. Alikuwa anafikiria jambo jingine, na nililiona likija. "Hii sauti," akasema polepole, "nani aliifuta?"

Nikasema, "Ni marehemu."

Jina la Makori lilikuwa tayari mdomoni, karibu kuliko langu, na mwenyewe alikuwa ameshafunikwa. Moraa akatazama viatu vyake pale mlangoni, vyenye matope. "Nimemtupia udongo leo," akasema. "Ningejua, singetupa." Akakunja ile karatasi yenye maneno matatu, akaniomba aende nayo. Nikampa. Mlangoni alinishika mikono yote miwili, akanishukuru kwa kuwa mimi angalau nilitunza kitu, na akaniomba nikikumbuka nimpigie, hata kama ni neno moja tu, hata saa ngapi.

Sijampigia. Kila asubuhi nikishawasha jiko nasimama kimya kidogo, nasikiliza moto, na hakuna anayeongea.